Subaru Forester SG5 ya tabo: nimeweka ekzosi (bomba la moshi) ya inchi tatu, sasa gari inakata ghafla. Msaada wakubwa

sg5_wa_kyanja

Wakubwa habari za jioni. Niko na Forester SG5 ya mwaka 2004, injini EJ205, gia otomatiki, ilitoka Japani ikiwa imetembea kilomita 96,000 na sasa iko kwenye 148,000. Hii gari naipenda sana, nimeitunza tangu siku naichukua, oili kila kilomita elfu tano, mkanda wa taimingi nilibadilisha pamoja na pampu ya maji na rola zake zote.

Sasa mwezi uliopita nikasema wacha niiongezee pumzi kidogo. Nikaanza na ekzosi ya nyuma, ikanoga, sauti nzuri nzito haipigi kelele ukiwa taratibu. Basi fundi wangu akaniambia hapo umefanya nusu ya kazi, kinachobana gari ni lile boksi la masega linalosafisha moshi, lililo karibu na tabo, tulitoe tuweke daunpaipu (bomba linalotoka kwenye tabo) ya inchi tatu mpaka nyuma. Nikakubali. Kazi ya kulitoa boksi hakunitoza hata shilingi, alinidai ya bomba tu.

Siku ya kwanza nilifurahi jamani, tabo inaamka mapema, kwenye 2,800 tayari unasikia mgongo umekandamizwa kwenye kiti. Lakini nikikanyaga mpaka chini, ikifika kama 4,500 gari inakata PAP, kama mtu amevuta breki ya mkono, shingo inaenda mbele, halafu inarudi, halafu inakata tena. Juzi asubuhi mapema, baada ya mvua, nilikuwa ile barabara ya kulipia ya Entebbe na mama watoto kando yangu, ilipokata alishika dashibodi kwa mikono miwili na hajataka kupanda hii gari tena. Geji ya boosti (presha ya hewa ambayo tabo inasukuma ndani ya injini) nimeiona inafika bar 1.3 ndipo inaanguka. Mchana kukiwa na jua kali haikati mara nyingi, au inakata kidogo.

Fundi anasema kuna kidude fulani kinafungwa kwenye waya wa sensa ya presha, kinaidanganya kompyuta isione boosti imezidi, laki moja na nusu tu na shida inaisha. Kabla sijatoa hizo pesa nimeona niulize hapa. Taa ya injini pia imewaka, namba ni P0420.

---

fundi_bweyogerere

Ssebo usinunue hicho kidude. Nakuomba. Hiyo kukata kwa gari ndiyo kitu pekee kinachoilinda injini yako kwa sasa, kompyuta imeona presha imepita mpaka iliowekewa kiwandani ikafunga mafuta ili pistoni zisiyeyuke, sasa wewe unataka kuiziba macho. Ukiiziba boosti itaendelea kupanda na hewa itakuwa nyingi kuliko mafuta ambayo nozeli zinaweza kutoa, mchanganyiko unakuwa mkavu, joto linapanda, injini inaanza kugonga (mafuta yanalipuka ovyo ndani ya silinda), na hizi injini za EJ20 kama yako zikianza kugonga ukiwa umekanyaga hazikupi muda wa kutafuta parking.

Nieleze kidogo kwa nini imekuwa hivi maana wengi wanafikiri ekzosi ni sauti tu. Tabo inazungushwa na moshi, na nguvu yake inatokana na tofauti ya presha kati ya mbele ya tabaini (lile gurudumu la mabawa linalosukumwa na moshi) na nyuma yake. Kiwandani waliweka bomba jembamba na masega nyuma ya tabaini, kwa hiyo kule nyuma presha ilikuwa inarudi kidogo, tabo ikatulia. Wewe umefungua kule nyuma kabisa, moshi unatoka bila kuzuiwa, tabo inaamka mapema (ndiyo hiyo raha unayoisikia kwenye 2,800) na inataka kuzunguka zaidi. Anayetakiwa kuizuia ni westigeti, kale kamlango kadogo kanakopitisha moshi pembeni usiguse tabaini. Sasa hiyo tabo yako, aina ya TD04, kamlango kake ni kadogo, kalipimwa kwa bomba la kiwandani. Hata kakifunguka kote moshi unaopaswa kupita pembeni hautoshi kupita, unaobaki unaendelea kusukuma tabaini na boosti inapanda yenyewe kadiri mzunguko wa injini unavyopanda. Na umesema asubuhi ya baridi inakata zaidi kuliko mchana, hiyo inakubaliana kabisa na hii habari, hewa ya baridi ni nzito, injini inameza nyingi na inatoa moshi mwingi.

LAKINI 1.3 kwa TD04 ni nyingi sana hata kwa shida hiyo. Hapo nashuku kuna kitu cha pili. Kwenye tabo kuna kampira kembamba kanatoka upande wa hewa kanaenda kwenye solenoidi (vali ya umeme inayoongozwa na kompyuta) na kingine kinaenda kwenye kopo la westigeti. Kampira hako kakipasuka au kakichomoka, kopo halipati presha, mlango haufunguki, boosti inakimbia. Fungua intakula (kile kipoza hewa) pale juu (bolti zake ni chache tu, dakika ishirini), shika hiyo mipira kwa vidole, ikunje, angalia kama imepasuka. Na angalia kama daunpaipu mpya ina bati la kinga ya joto au iko uchi.

Baada ya hapo ufanye jaribio moja ambalo halina gharama. Toa solenoidi kwenye njia, unganisha mpira moja kwa moja kutoka kwenye tabo hadi kwenye kopo la westigeti, ili springi peke yake ndiyo ishike boosti. Kwa hiyo TD04 utapata kama nusu bar. Tafuta kilima kisicho na watu, weka gia ya pili uifunge hapo, kanyaga. Kwa otomatiki yako gia ya pili ukiwa kwenye spidi mia unakuwa 5,000 na kitu, inatosha kuona. Kama geji inafika 0.5 na kukaa hapo hapo, westigeti inamudu. Kama inafika 0.5 halafu inaanza kupanda 0.6, 0.7, 0.8 huku mzunguko unapanda, basi ndiyo hiyo habari ya mlango mdogo na hakuna kompyuta wala tyuningi (kupanga upya kompyuta ya injini) itakayoirekebisha, ni kufungua tabo na kuongeza lile tundu.

Usikanyage gari mpaka umefanya hayo. Tembea nayo taratibu haina shida.

P0420 ni sensa ya nyuma inalalamika kwamba masega hayapo. Haiui injini, lakini ina maana kukitokea kosa lingine taa haitakuambia kitu kwa sababu tayari imewaka. Hilo mimi silipendi.

---

dada_wa_bp5

Nimesoma nikasikia tumbo linakata kwa sababu mimi nilipita hapo hapo na yangu ilikufa.

Nilikuwa na Legacy GT BP5 ya 2005, ile ya EJ20X. Nikaweka ekzosi, halafu jamaa mmoja akaniwekea mapu, yaani mpangilio mpya wa kompyuta ya injini. Alikuja na laptopu, akachomeka kebo, dakika kumi amemaliza, akaniambia hii ni steji ya pili tayari. Hakurekodi data hata mara moja, hakupanda na mimi kwenye gari, hakuuliza natumia petroli gani. Baadaye ndipo nikaja kujua ile mapu aliinakili kutoka kwenye gari ya mtu mwingine, na ilitengenezwa kwa petroli bora kuliko yetu. Watu tunasahau hizi gari za Japani kwamba kiwandani zilipangiwa petroli ya daraja la juu ya kule, ambayo kwa kawaida iko kwenye okteni (kipimo cha petroli kuvumilia kugonga) 100 hivi. Ya kwetu haifiki hapo. Kwa hiyo hata gari ikiwa haijaguswa kabisa, kompyuta tayari inarudisha taimingi (wakati wa plagi kuwasha cheche) nyuma kujilinda. Ukija kuongeza boosti na taimingi juu ya hapo unakula akiba ambayo haipo.

Ilitembea vizuri wiki sita. Halafu asubuhi moja nikaona moshi wa bluu wakati wa kuwasha, unapotea baada ya dakika. Nikajiambia ni baridi. Wiki ya pili nikakuta oili imetapakaa karibu na kijiti cha kupimia, ile presha ya ndani inasukuma oili nje. Tukapima kompresheni (presha inayokandamizwa ndani ya kila silinda), silinda tatu ziko sawasawa na ya nne imeanguka karibu nusu. Walipofungua injini fundi akanipa pistoni mkononi. Kile kingo kati ya ringi ya kwanza na ya pili kilikuwa kimevunjika, kipande kama ukucha wa kidole kidogo, na ukuta wa silinda ulikuwa na mikwaruzo unaweza kuisikia kwa kucha. Nilikaa pale kwenye kiti cha plastiki nikakishika kile kipande muda mrefu. Injini nzima kwa sababu ya dakika kumi za laptopu.

Kwa hiyo kaka KABLA ya kuongeza chochote pima kompresheni ya silinda zote nne. Kuna kitu kimoja watu hapa Kampala wanakosea, wanachukua namba za kitabu wakiona zao ziko chini wanaogopa. Sisi tuko juu, kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, presha ya hewa hapa ni kama 0.88 bar na si 1.01 ya Mombasa, basi na kompresheni itasoma chini kwa kiasi kama hicho, asilimia kumi na mbili hivi. Usishtuke na namba yenyewe, angalia tofauti kati ya silinda na silinda. Zikipishana zaidi ya asilimia kumi simama hapo hapo. Na iangalie zaidi ya nne, kwenye hizi injini ndiyo inayoumia kwanza.

Halafu wenye BP5 wasichukue hizi habari za SG5 kununua vipande. Tabo yetu ni ya skroli mbili, bomba za mbele zinaingia kwenye tabo kwa njia mbili tofauti, haziingiliani na za SG5. Nimeona watu wamenunua kisha wanaanza kukata na grainda.

---

mchomeleaji_katwe

Mimi kazi yangu ni mabomba, injini nawaachia wenyewe. Nataka kusema mambo machache kwa sababu nimeona neno "inchi tatu" linatembea hapa kama ndiyo kila kitu.

Bomba la inchi tatu lililokunjwa vibaya linaweza kubana kuliko la inchi mbili na nusu lililokunjwa vizuri. Kuna mashine inayokunja bomba kwa kulibonyeza, pale kwenye kona panabaki mikunjo kama shingo ya kobe na tundu linapungua. Na kuna kona zinazokunjwa zikiwa na kishikio ndani, tundu linabaki vile vile mwanzo mpaka mwisho. Pitisha mkono au kitambaa ndani kabla hujalipa. Mimi nikikosa kona nzuri nakata vipande vidogo vya pembe nachomelea kimoja kimoja, kazi ndefu lakini moshi unapita.

Halafu ndani ya bomba. Mtu akichomelea kwa fimbo za kawaida matone ya chuma yanaingia ndani yanaganda kama punje za mtama. Nyuma ya tabo si hatari sana. Lakini kama ni ile paipu ya kupanda, inayotoka kwenye injini KWENDA kwenye tabo, punje moja ikibanduka inaingia kwenye tabaini inayozunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika. Mabawa yanakatika. Ile paipu usiruhusu mtu aichomelee bila gesi ya agoni na bila kuisafisha ndani mpaka ukipitisha kidole hakikwaruzi. Kwa njia, WRX za soko la Marekani za 2002 mpaka 2005 ziliwekwa masega ndani ya hiyo hiyo paipu ya kupanda, yakizeeka yanamomonyoka na kuingia kwenye tabo, ndiyo maana utasikia watu wa kule wanaibadilisha kabla ya kitu kingine chochote. Aliyenunua gari au injini iliyopitia huko aangalie.

Flanji nazo, yale mabati ya kuunganishia bomba kwa bolti. Kama flanji ni nyembamba ikipata joto inajipinda, gasketi inavuja, na ikivuja mbele ya sensa ya oksijeni hewa ya nje inanyonywa ndani, sensa inaona oksijeni nyingi inaiambia kompyuta mchanganyiko mkavu, kompyuta inaongeza mafuta, gari inakunywa petroli na wewe unalaumu pampu ya petroli. Mimi naweka milimita kumi na nasawazisha uso wake. Na usisahau flexi (kipande cha bomba kinachojipinda), EJ inatikisika ukiiwasha, bomba gumu bila flexi linapasuka kwenye weldi na linapasuka usiku ukiwa mbali.

Swali la kaka wa Kyanja sasa. Uliuliza kuhusu boosti lakini kuna kitu ulikipita haraka. Fundi alikutolea masega bila kukutoza. Boksi lilienda wapi? Ndani ya yale masega kuna platinamu, paladiamu na rodiamu, yanauzwa kwa uzito, na bei yake inaweza kupita gharama yote ya bomba ulilolipia. Nimeona watu wengi wanaambiwa "tutakutolea bure". Kalidai. Ni mali yako. Hata kama hutalirudisha kwenye gari liweke nyumbani.

---

baba_wa_jinja

Kuongezea hapo kwa ndugu wa Katwe. Masega si ya kelele tu. Bila masega gari ya tabo inatoa kaboni monoksaidi na petroli isiyoungua moja kwa moja, na SG5 kwa nyuma ni kama boksi, ukifungua dirisha la nyuma au mpira wa mlango wa nyuma ukiwa umechoka moshi unarudi ndani. Mimi nilikaa nayo hivyo miezi minne, watoto walikuwa wanalalamika kichwa kila tukienda Mbale nikidhani ni kona za barabara. Nikaweka masega ya kisasa ya matundu mapana, yale ya seli 200, kwenye daunpaipu hiyo hiyo ya inchi tatu. Nguvu niliyopoteza siwezi hata kuisikia. Kichwa kikaisha. Na harufu ikaisha kwenye nguo.

Kelele nayo, kuna kanuni za NEMA (mamlaka ya mazingira) za kelele tangu 2003 na majirani nao ni watu. Weka sailensa ya kati, ile ndefu. Inaondoa ule mlio wa kukereza kwenye 2,500 na haibani.

---

sg5_wa_kyanja

Wakubwa nimerudi. Nimefungua intakula leo na mdogo wangu.

Fundi wa Bweyogerere ni kama ulikuwa unaangalia. Mpira wa kwenda kwenye kopo la westigeti umeungua. Si kupasuka, umeungua, upande mmoja umeiva ukawa mgumu kama plastiki na una ufa urefu wa kucha, ukiukunja unafunguka. Umepita kama sentimita mbili kutoka kwenye daunpaipu na daunpaipu iko uchi, haina bati lolote, lile bati la kiwandani hawakulirudisha kwa sababu halikuingia kwenye bomba nene. Kwa hiyo bomba jipya ndilo lililoupika mpira. Nimeweka mpira mpya wa silikoni na nimeupitisha mbali, bomba nimelifunga kile kitambaa cha joto kwa muda.

Nikafanya jaribio la springi peke yake, kilima cha kule juu kwetu saa kumi na mbili asubuhi Jumapili, gia ya pili. Ilifika 0.5 ikakaa mpaka kama 4,000, halafu ikaanza kupanda polepole, kwenye 5,000 ilikuwa 0.75. Nimerudia mara tatu. Kwa hiyo zote mbili ni kweli, mpira na mlango mdogo.

Kompresheni nimepima, asanteni dada. Silinda zote nne zinapishana chini ya asilimia tano. Nilishukuru Mungu pale pale kwenye gereji.

Masega fundi anasema "yalishaenda". Tumezungumza, hatujaelewana. Swali langu sasa, nikiongeza tundu la westigeti na nikiweka masega ya seli 200, bado nahitaji tyuningi au nirudishe solenoidi tu nitembee?

---

fundi_bweyogerere

Kazi safi ssebo, ungekuwa jirani yangu ningekununulia rolekisi (chapati za mayai) mbili.

Ndiyo, bado unahitaji. Hata boosti ikikaa kwenye namba ya kiwandani injini sasa inapumua tofauti, tabo inaamka mapema kwa hiyo kwenye 2,800 hadi 3,500 kuna hewa ambayo mapu ya zamani haikuitegemea, na hapo ndipo EJ inapogonga kimyakimya bila wewe kusikia. Tafuta mtu anayefanya kwa data. Utamjua kwa maswali atakayokuuliza kabla hajafungua laptopu. Atauliza plagi zina umri gani na uwazi wake ni milimita ngapi. Atauliza petroli unaweka wapi na atataka uendelee kuweka hapo hapo. Atachomeka waidibendi (sensa inayopima mchanganyiko wa hewa na petroli) yake mwenyewe kwenye bomba hatategemea sensa ya gari. Ataendesha, atarekodi, atabadilisha kidogo, atarekodi tena. Kazi ya nusu siku. Kwa Subaru za miaka hiyo vifaa vipo, programu za RomRaider na EcuFlash ni za bure, kebo ndiyo ya kununua.

Kwenye mapu mwambie hivi: nikikanyaga kabisa nataka mchanganyiko ukae kwenye 11 na kidogo (sehemu za hewa kwa sehemu moja ya petroli), si 12, petroli yetu inahitaji huo ubaridi. Na nataka kompyuta isirudishe taimingi popote, akiona inarudisha apunguze hapo, asiniambie ni kawaida.

Jambo la kimo alilosema dada lina upande wa pili na nataka wote mlisikie hasa mnaopakua mapu za watu wa pwani au wa nje. Geji yako inapima juu ya hewa ya hapo ulipo. Mombasa geji ikisoma 0.9, ndani ya injini ni kama 1.91 ukijumlisha na presha ya hewa ya nje. Ili upate 1.91 hiyo hiyo hapa Kampala geji lazima isome 1.03. Na tabo inakandamiza mara 2.17 badala ya 1.89, inazunguka zaidi, hewa inatoka ya moto zaidi. Kabale huko juu kwenye mita 2,000 ni mbaya zaidi. TD04 ni tabo ndogo, ukiilazimisha huko juu inakuwa kikausha nywele, inapiga hewa ya moto tu. Kubali boosti ianguke kidogo ukikaribia 6,000. Mtu akikuahidi 1.2 bapa mpaka mwisho, chukua funguo zako uondoke.

---

dada_wa_bp5

Na plagi weka za ubaridi wa hatua moja zaidi. Kwa NGK namba ikipanda plagi ni ya baridi zaidi, kama ulikuwa na 6 weka 7. Mimi ningejua hilo mwaka ule.

---

sg5_wa_kyanja

Narudi kutoa ripoti kama nilivyoahidi, imechukua wiki tatu.

Tabo ilitoka, tundu la westigeti limepanuliwa na kulainishwa kingo, na kamlango kanafunga vizuri, tulikapima kwa kumwaga petroli kidogo tukaangalia kama inapita, haikupita. Jaribio la springi sasa ni 0.5 mpaka 5,200 bila kusogea. Bomba nimelirudisha Katwe, likawekewa masega ya seli 200, sailensa ya kati, flexi, na bati la kinga ya joto la kukunja kwa mkono ambalo linakaa kati ya bomba na ile mipira.

Tyuningi ilichukua kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa tisa. Jamaa alirekodi mara kumi na nne, nilihesabu. Mara ya tano aliona taimingi imerudishwa kidogo kwenye 3,200 silinda zikiwa zimepata moto, akasimamisha gari kando, akapunguza, tukarudi. Sasa boosti ni 0.95 katikati inashuka mpaka 0.8 kwenye 6,000. Mchanganyiko 11.1. Haijakata hata mara moja, na nimeijaribu asubuhi ya baridi na baada ya mvua makusudi. Taa ya injini imezimika yenyewe. Mafuta barabarani yamepungua kidogo kuliko hata kabla sijaanza, nadhani kuna flanji ilikuwa inavuja tangu zamani, kama alivyoeleza ndugu wa Katwe.

Jana tulienda Masaka na kurudi. Mama watoto alikaa mbele, mtoto alilala nyuma kuanzia Kayabwe mpaka nyumbani. Tulipofika alifungua mlango akanusa, akaniuliza kama nimeosha gari.